Barua ya wazi kwa wakubwa wa viwanda vya gitaa: nani alitia tiki kwenye kadi yangu?

Kwenu wakubwa wa viwanda vya gitaa za umeme, nyinyi mnaoamua gitaa ngapi zitoke kwa siku na bei iwe ngapi, na nyinyi wasimamizi wa ukaguzi ambao saini zenu ndizo zinazotiwa kwenye ile kadi ndogo inayokuja ndani ya keisi. Salamu kutoka Mombasa.

Sitataja kampuni. Nshazungumza na wapigaji wenzangu wa hapa na wa Nairobi na jamaa walioko ng'ambo, kila mtu ana kisa chake na makampuni ni tofauti tofauti, kwa hivyo atakayesoma akajiona humu ndani basi ajue namwambia yeye. Mi ni mpiga gitaa ya solo, mwaka wa 19 sasa huu. Nimepiga mahoteli ya Nyali na Bamburi msimu wa wageni, nimepiga harusi za Majengo na Kisauni, saa nyingine twavuka feri ya Likoni na vyombo vyote mpaka Diani, tunarudi alfajiri watu wanaenda msikitini. Hii ndiyo kazi inayolisha watoto wangu, na naandika kwa sababu nimeumia.

Kwa miaka 3 nliweka elfu 10 kila mwezi. Kuna miezi kama Mei na Juni mvua imeshika, hoteli zimelala, hamna wageni, na bado ile elfu 10 niliitoa, shahidi wangu ni mama watoto manake yeye ndiye aliyekuwa akizishika hizo pesa. Wazee wetu wametufundisha rahisi ni ghali, na mi nlishaionja hiyo rahisi, gitaa yangu ya kwanza nliinunua elfu 12 karibu na Mwembe Tayari, shingo ilikuwa imepinda kama upinde na ukiikaza saa hii baada ya nyimbo mbili ishatoka, lakini sikulalamika, nlijua nimelipa elfu 12 na nimepata cha elfu 12. Sasa safari hii nkasema nanunua kitu kimoja cha maana, nitakachopiga mpaka nizeeke halafu nimwachie mwanangu. Gitaa ya dola 2,700, ukiigeuza kwa shilingi yetu ni kama laki 3 na nusu, hapo hujaweka usafiri wa ndege, hujaweka ushuru, hujaweka VAT ya asilimia 16.

Ikafika. Nkafunga mlango wa chumba ili watoto wasiingie na mikono ya mafuta, nkafungua keisi, na jamani siwezi kusema uongo, gitaa ilikuwa nzuri ya kutazama, kahawia ya pembeni inaingia taratibu kwenye manjano ya kati mpaka unaona mistari ya mbao ndani, vanishi yang'aa kama maji, na ile harufu yake mpya. Kwa rangi nawapa pongezi na nawapa kwa moyo mmoja. Nkaichukua mapajani, nkapitisha mkono kwenye shingo kutoka kichwani kushuka mwilini kama ninavyofanya kwa kila gitaa ninayoshika, na nlipofika kwenye freti ya 7 nkahisi kama nimepitisha mkono kwenye msumeno. Ncha za freti, vile vijiti vya chuma, zilikuwa zimechomoza nje ya mbao upande wa chini, hazikupigwa tupa zikaisha, kutoka ya 7 mpaka ya 12. Nkatazama kidole cha shahada nkaona mstari mwekundu umechorwa. Damu haikuwa nyingi, lakini ilitoka, na ilitoka kwenye gitaa ya laki 3 na nusu siku ya kwanza.

Nkasema pengine ni hilo tu. Nkaikaza. Uzi wa tatu ukawa hauskii, unakaza kidogo kidogo sauti haipandi, halafu unaskia tik, ghafla umeruka umepita pale ulipotaka, kwa sababu ule mfupa wa juu karibu na kichwa mfereji wake umechongwa mwembamba kuliko uzi wenyewe, uzi wanaswa. Na mifereji mingine ni mifupi, haikuchongwa ikaingia chini, kwa hivyo nyuzi zimekaa juu sana pale mwanzoni, na ukipiga kodi (noti kadhaa kwa mpigo) ya F au E unapobonyeza tu uzi unavutika na sauti yapanda inakuwa kali, unakaza tena, ukipiga kodi ya huku juu sasa yenyewe ndiyo imeharibika. Mtu asiyejua atashinda kutwa anakaza gitaa akidhani masikio yake yana tatizo.

Basi nkachomeka kwenye ampu, ile spika ya gitaa, nkazima kila kitu, sauti safi kabisa, nkaanza kupiga noti moja moja. Uzi wa kwanza sawa. Uzi wa pili, nkapanda, nkapanda, freti ya 11, ya 12, nkafika ya 13 na noti ikafa. Haikulia ovyo, ilikufa, kama mtu amewekewa mkono mdomoni. Nkabonyeza kwa nguvu zaidi, hola. Nkabadilisha kidole, vile vile. Hiyo ni noti ya C, kwenye ufunguo wa C ama F ama A mdogo ndiyo noti unayopitia mia kwa usiku mmoja.

Ntaeleza kwa nini hilo kwetu ni kubwa, manake labda huko kiwandani anayejaribu gitaa (kama kuna anayejaribu) anaweka distoshen nyingi, ile sauti ya kukwaruza ya roki, na distoshen inafunika. Muziki wetu wa Pwani gitaa ya solo haijifichi. Chakacha, rumba, hizo nyimbo za bendi za hoteli, gitaa inalia safi kama maji ya kisima, na inakaa huko juu, freti ya 10 mpaka ya 15, inajibizana na mwimbaji usiku mzima. Watu wa huku hawajaanza gitaa jana. Fundi Konde alikuwa mtoto wa Pwani hii hii na alikuwa miongoni mwa wa mwanzo Kenya kushika gitaa ya umeme, bendi ya Them Mushrooms wameanza 1972 huku huku wakipigia mahotelini. Sasa noti ya 13 ikifa katikati ya solo hamna wa kuificha, mwimbaji anageuka anakutazama, mtu wa besi anakutazama, na hata mgeni aliyekaa na kinywaji chake ambaye hajui gitaa ina nyuzi ngapi anajua kuna kitu kimekatika.

Nkaipeleka Mji wa Kale kwa ami mmoja, si ndugu wa damu lakini sote twamwita ami, yeye asili yake ni fundi wa udi, kile chombo cha nyuzi cha taarab, na udi hauna freti hata moja, lakini ni mtu ambaye mbao zinamskiza. Hakuichomeka popote. Aliilaza kwenye mapaja yake, akavaa miwani, akatoa kipande kifupi cha chuma kilichonyooka, akakiweka juu ya freti 3 kwa mpigo, 11, 12, 13, kimya, akasogeza, 12, 13, 14, kimya, akasogeza tena 13, 14, 15 na kile chuma kikaanza kucheza, tak, tak, kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Freti ya 14 ilikuwa imesimama juu ya wenzake. Akapima, unene wa karatasi 2 za daftari, yaani kama sehemu 2 kwa 10 za milimita moja. Akanitazama juu ya miwani akasema, "Mwanangu, hii hawakuipima." Hakusema zaidi ya hapo, na mi nkatoa ile kadi mfukoni nkamuonyesha.

Sasa hiyo kadi ndiyo iliyonifanya niandike. Mnaijua, nyinyi ndio mnaoichapisha. Kadi yangu ina visanduku 14, kimoja kimeandikwa freti, kimoja nyuzi, kimoja umeme, kimoja mbao na rangi, na vyote 14 vimetiwa tiki, lakini ukitazama kwa karibu si tiki 14, ni kalamu moja iliyoshuka toka juu mpaka chini kwa mkono mmoja wa haraka, imegusa kila kisanduku njiani, na chini pana herufi mbili za jina la mtu na tarehe. Ami akaishika kwenye mwanga wa dirisha akaona alama ya wino vile umeburutwa. Huku kwetu saini ni amana. Ukitia saini kwamba umeona kitu basi umekiona, na kama hukukiona usitie. Mimi yule mtu wa herufi mbili simlaumu peke yake, wala sitaki afukuzwe kazi, naye ana watoto. Nawalaumu nyinyi mliomwekea hesabu ya gitaa za siku ambayo haiwezekani kuifikia bila kuburuta kalamu.

Nliandikia duka kule ng'ambo, wakanituma kwa kampuni, kampuni ikajibu baada ya siku 11 kwa adabu nzuri, ikasema mambo mawili. La kwanza, kwamba freti kuchomoza kunasababishwa na hali ya hewa ya mahali gitaa ilipo, mbao ni kitu hai, inanywea. La pili, kwamba waranti inafanya kazi nchi niliyonunua tu, nikitaka niirudishe kwa gharama yangu.

Hili la hali ya hewa naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu ndipo nlipojua kwamba anayejibu barua hajawahi kufikiria jibu lake linakwenda wapi. Ni kweli mbao ikikauka inanywea, na chuma hakinywei, kwa hivyo freti zinabaki na urefu wake na ncha zinatokeza. Hilo hutokea nchi kavu, au nchi za baridi wakati nyumba zimewashwa hita. Mombasa si nchi kavu! Hii ni kisiwa, bahari pande zote, unyevu wa hapa ukianika nguo asubuhi mpaka adhuhuri hazijakauka. Huku mbao hainywei, huku mbao yavimba. Masika ikija milango ya nyumba za Mji wa Kale yakwama, unaisukuma kwa bega, kila mtoto wa hapa ajua. Kwa hivyo kama hali ya hewa ya Mombasa imeifanya chochote shingo ya gitaa yangu, ni kuitanua ikazificha zile ncha kidogo, na bado zilinikata. Maana yake huko kwenu zilikuwa zimetokeza zaidi ya vile nlivyoziona mimi. Halafu freti ya 14 peke yake kusimama juu ya 13 na 15, hiyo ni hali gani ya hewa inayochagua freti moja?

Nisiwe mwenye kudhulumu. Baada ya miezi 2 skurubu za briji, pale nyuzi zinapokalia mwilini, zimeanza kushika kutu, hilo silaumu mtu, hiyo ni chumvi ya bahari yetu na kila mpigaji wa hapa anajua kufuta gitaa na kitambaa kikavu kila akimaliza. Na shingo kusogea kidogo nyuzi zikikazwa, manake nyuzi 6 zikiwa zimekazwa zinavuta zaidi ya kilo 40, hilo nalo ni la kawaida na ndiyo sababu mumeweka ile nondo ndani ya shingo ya kuinyoosha na alenki. Nyuzi ziwe juu au chini, nene au nyembamba, hayo ni mapenzi ya mpigaji. Nshasoma majibu ya wanaowatetea, wanasema ati kila gitaa lazima ipelekwe kwa fundi ikatengenezwe upya, ndivyo ilivyo, zoea. Hapana. Ukinunua kanzu, urefu wa kukata ni shauri lako na fundi wako, mmoja ataka ifike kifundoni na mwingine ataka ipande kidogo, lakini mshono wa kwapani ukifumuka siku ya Idi hilo si shauri lako, hilo ni la aliyeshona. Freti kuwa sawa, ncha kuwa laini, mfereji kuingia uzi wake, swichi isikwaruze (yangu inakwaruza pia, na tundu la jeki, pale pa kuchomeka waya wa ampu, waya wake wa ndani ulikuwa umelehemiwa nusu, ami aliugusa kwa kijiti ukatoka), hiyo ndiyo mishono.

Na haya si mambo ya uchawi, ni hesabu. Nyinyi mnajua kuliko mimi, gitaa yenye urefu wa uzi wa milimita 648 freti ya kwanza inakaa milimita 36 na kitu kutoka kwenye ule mfupa, ya 12 inakaa katikati kabisa, 324, na kila freti mahali pake pamehesabiwa tangu zamani. Mashine za kompyuta zinakata mifereji ya kuingizia freti bila kukosea. Pana mashine ilibuniwa Berlin, Ujerumani, yaitwa Plek, inaisoma kila freti nyuzi zikiwa zimekazwa kisha inasaga pale palipozidi tu, na viwanda vikubwa wanayo. Kijana mmoja ninayemfundisha hapa Kisauni alinunua gitaa ya Indonesia ya elfu 40, mpya, nkaichukua nkapitisha mkono ule ule, laini mwanzo mpaka mwisho, nkapiga noti zote, hamna iliyokufa. Pikapu zake, zile sumaku zinazoshika sauti ya nyuzi, si kitu, mbao yake si kitu, lakini imemalizwa. Nliirudisha mikononi mwake nkakaa kimya, manake nlikuwa nimeshikwa na uchungu ambao sikutaka mtoto auone. Mtu anayelipa elfu 40 amepata gitaa iliyokaguliwa, na anayelipa laki 3 na nusu amepata kadi iliyotiwa tiki.

Historia ya kitu hiki mnachokirithi naijua kidogo, na hii naitaja kwa jina kwa sababu ni jambo la wazi la miaka mingi, si ndicho kisa changu. Leo Fender alikuwa fundi wa redio wa Fullerton, California, na kupiga gitaa hakujua. Lakini gitaa ya Telecaster ilitoka mikononi mwake mwanzoni mwa miaka ya 50 na Stratocaster 1954, na dunia nzima mpaka leo inaiga. Aliwezaje? Aliwapa wanamuziki. Waliingia karakana wakashika, wakaenda nazo kazini, wakarudi na malalamiko, naye akarekebisha. Mtu asiyejua kupiga alijua kwamba gitaa haijaisha mpaka ishikwe na anayepiga. Mwaka 1965 kampuni yake ya Fender ikauzwa kwa CBS, shirika la utangazaji la Marekani, dola milioni 13, wakaja watu wa hesabu, na kufika miaka ya 70 malalamiko yalikuwa yamejaa kila mahali, mpaka leo mtu akiwa na Fender ya kabla ya CBS anaitaja hivyo hivyo anapouza na bei yapanda. Mwaka 1982 wakaanzisha Fender Japan, kule kule kwa mafundi wa Kijapani waliokuwa wakiiga gitaa zao vizuri. Mwaka 1985 mameneja wake wakainunua kutoka kwa CBS na kuanza kuijenga tena. Miaka 20 ilipotea hapo. Nyinyi wa leo mna mashine ambazo Leo Fender hakuziota, na bado mwaniletea gitaa ambayo haijashikwa.

Acha niwaambie na hili. Changamwe pale kwenye ushirika wa wachongaji wa Akamba, nilikwenda mwaka jana na mgeni wa hoteli aliyetaka kuona wanavyofanya kazi. Nkamwona kijana amekaa chini na twiga wa mpingo mdogo wa kutosha kiganja, anampiga msasa. Na mpingo ndio mti wetu wa Afrika Mashariki ambao huko Ulaya wanautengenezea klarineti na oboi, si mbao ya mchezo, ni mgumu kama chuma. Alipiga msasa, akapitisha kidole gumba, akapiga tena, akapitisha shavuni, wallahi shavuni, akapiga tena pale chini ya tumbo la twiga mahali ambapo hamna atakayetazama. Yule twiga bei yake ni shilingi mia chache. Nlikaa namtazama labda dakika 20 na hakuwa amemaliza. Sitaki mnipe zaidi ya alichopewa yule twiga.

Sasa nataka nini? Nimefanya hesabu. Gitaa yangu ina nyuzi 6 na freti 22, hizo ni noti 132. Ukipa kila noti sekunde 2, unabonyeza, unapiga, unaskiza, unasogea, ni sekunde 264, haifiki hata dakika 5. Mtu mmoja mwenye masikio, ampu ndogo isiyo na distoshen, dakika 5. Mimi nimeweka akiba miezi 36. Wekeni huyo mtu mwishoni kabisa baada ya rangi na baada ya nyuzi, mpeni mamlaka ya kuirudisha gitaa nyuma bila kuulizwa imechelewesha nini, na msimlipe kwa idadi ya gitaa. Na kabla hajaanza noti, apitishe kiganja kitupu kwenye shingo, juu na chini. Hilo ni sekunde 3.

Halafu ile kadi, toeni tiki muweke namba. Tiki yaweza kuburutwa, namba haiburutwi. Andikeni uzi wa kwanza uko juu ya freti ya 12 milimita ngapi, wa sita ngapi, kwenye freti ya kwanza ngapi, tarehe, unyevu wa chumba siku hiyo ulikuwa asilimia ngapi. Mimi nikiipokea huku nitapima na rula yangu na tutajua wote wawili ni nini kimesogea njiani na nini kilitoka hivyo kwenu, na hamtahitaji tena kunieleza hali ya hewa ya mahali ambapo hamjafika.

Na kuhusu waranti. Mnauza dunia nzima lakini mnakagua kama vile kila mnunuzi anaishi mtaa wa pili na duka, ataijaribu pale pale akiikataa aletewe nyingine. Mpigaji wa Mombasa, wa Dar, wa Kampala hana duka la kuijaribu gitaa ya bei hiyo. Sisi tunanunua kwa picha na kwa jina lenu. Kuirudisha gitaa yangu kwa ndege nliambiwa ni karibu elfu 45 kwenda tu, na ikirudi nikalipie ushuru tena na kuanza kueleza forodhani kwamba ni ile ile. Kwa hivyo kwetu sisi mkaguzi wenu ndiye mkaguzi wa kwanza na wa mwisho. Kama hamuwezi kuweka ofisi huku, sawa, lakini kubalini risiti ya fundi wa hapa. Ami alinitoza 6,500 kwa siku 2 za kazi, alisawazisha freti zote, akazungusha ncha moja moja kwa tupa ndogo, akachonga mfupa mpya, akalehemu jeki. Dola 50. Picha nilipiga kabla na baada, risiti ninayo. Nliwatumia, jibu likaja kwamba fundi hatambuliki. Yeye ndiye aliyeimaliza gitaa yenu, na jina lake halimo kwenye kadi.

Mtaniambia gitaa sasa inalia, nalalamikia nini. Inalia, ni kweli, na ni nzuri, Ijumaa nliipiga Bamburi kwa mara ya kwanza na mwimbaji wetu alinijia wakati wa mapumziko akaniuliza ni gitaa gani hiyo. Ndio maana yaniuma zaidi. Mbao nzuri, pikapu nzuri, rangi nzuri, kazi ya watu wengi waliojitahidi, ikaangushwa na dakika 5 za mwisho ambazo mtu aliamua hazina faida. Nami nlitaka niipende siku ile nilipofungua keisi, si baada ya mwezi na nusu wa barua na fundi.

Kadi bado ninayo, nimeirudisha kwenye keisi mahali pale pale nlipoikuta. Mkitaka kuanza, anzeni na gitaa zilizoko ghala sasa hivi zikingoja kupakiwa, toeni 10 tu bila kuchagua, tafuteni mtu anayepiga, na mwambieni aanze na uzi wa pili, freti ya 13.

Wenu,
Mpiga gitaa wa Kisauni, Mombasa